Visoma Skrini na Majedwali Yaliyofungwa

Katika shule nyingi za sekondari alama za mitihani hazijumlishwi tena kwa kalamu katika daftari kubwa la mwalimu wa taaluma. Huandikwa katika lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta ambalo hukokotoa lenyewe jumla, wastani na nafasi ya kila mwanafunzi. Kwa kuwa kidole kikiteleza kidogo huweza kufuta kanuni ya hesabu pasipo mtu kutambua, anayelitengeneza jedwali hulifunga: huziacha wazi seli za kujazia alama, na zilizosalia huzikinga zisiguswe. Hatua hiyo ni ya busara. Lakini ina kasoro moja ambayo mwenye macho hawezi kuiona hata akilitazama jedwali kutwa nzima, na kasoro hiyo ndiyo tutakayoichambua katika makala haya. Humpata mwalimu au mwanafunzi asiyeona, ambaye huisoma kompyuta kwa masikio.

Tuanze na chombo chenyewe. Kisoma skrini ni programu inayotamka kwa sauti, au kuandika kwa nukta nundu katika kifaa maalumu, yale yanayotokea katika kompyuta. Wengi hudhani kwamba ni aina ya kamera inayoitazama skrini na kusimulia inachokiona. Sivyo. Zamani kidogo dhana hiyo ingalikaribia ukweli. Kompyuta za mezani za miaka ya 1980 zilizotumia mfumo wa DOS zilionyesha herufi tupu, kwa kawaida mistari 25 yenye herufi 80 kila mmoja, yaani nafasi 2,000 kwa skrini nzima. Kila nafasi ilikuwa na msimbo wa herufi yake katika kumbukumbu ya kompyuta, na kisoma skrini kiliichungulia kumbukumbu hiyo na kutamka kilichokutwa. Ndivyo kilivyofanya kazi kisoma skrini kiitwacho JAWS kilipotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Mwanzilishi wake, Ted Henter wa Marekani, alikuwa mwendeshaji wa pikipiki za mashindano kabla ya kupofuka kwa ajali ya gari mwaka 1978.

Skrini za madirisha na picha zilipoenea, njia hiyo ilikatika. Herufi iligeuka kuwa vidoadoa vya rangi, na katika vidoadoa hamna neno la kusoma. Ikabidi programu zenyewe zifunzwe kujieleza. Mwaka 1997 kampuni ya Microsoft ilitoa utaratibu ambao kwao kila dirisha, kitufe na kisanduku huweza kuulizwa mambo matatu: jina lako nani, wewe ni kitu cha aina gani, na hali yako ikoje. Taratibu nyingine zilifuata, na programu kubwa za ofisi kama Word na Excel zina mlango wa ziada ambao kwao programu nyingine huweza kuuliza yaliyomo katika aya fulani au seli fulani. Kwa hiyo kisoma skrini cha leo ni mwulizaji, na kazi yake yote hutegemea majibu anayopewa.

Lakini humwuliza nani kwanza? Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Kompyuta huwa na mahali pamoja panaposubiri agizo la mtumiaji: ukibonyeza herufi, itaandikwa pale, si kwingineko. Mahali hapo hujulikana kwa kielekezi. Jicho haliko chini ya kielekezi. Kielekezi kikiwa katika seli ya alama, jicho huruka likasoma jina la mwanafunzi upande wa kushoto, likapanda juu likasoma kichwa cha safu, likarudi, na mwenye jicho hata hajui kwamba amefanya safari tatu. Sikio halina uhuru huo. Kisoma skrini, katika matumizi yake ya kawaida, hutamka kilichopo penye kielekezi tu. Kielekezi kisipofika mahali, mahali hapo ni kama hapapo.

Nina sababu ya kulieleza jambo hili kwa urefu, maana kosa hili nimelitenda mimi mwenyewe. Kwa ajili ya semina ya walimu nilitengeneza jedwali la alama la mfano, lenye wanafunzi 41. Majina niliyaweka katika safu A, namba za mtihani safu B, alama safu C. Nililifunga jedwali lote isipokuwa seli za alama, tena kwa kupenda unadhifu nikazuia kielekezi kisiweze kabisa kuingia katika seli zilizofungwa. Nililiona ni jedwali zuri. Mmoja wa walimu waliolipokea alikuwa mwalimu wa historia asiyeona, niliyepata kumfundisha chuoni. Aliketi na orodha yake ya alama iliyoandikwa kwa nukta nundu, akaanza kujaza. Kompyuta ilimwambia: C5, tupu. Akaandika alama, akabonyeza kitufe, ikamwambia: C6, tupu. Hakuna jina lililotamkwa hata mara moja, kwa sababu majina yalikuwa katika seli ambazo kielekezi kilikatazwa kuzigusa. Yeye akafuata mpangilio wa alfabeti, akijua kwamba na mimi nimefuata huo huo.

Jioni alinipigia simu. "Mwalimu, shikamoo. Nimemaliza, lakini nimebakiwa na seli moja mkononi. Hii ni ya nani?"

Mwanafunzi wa 12 katika jedwali alikuwa mgonjwa siku ya mtihani. Katika orodha ya nukta nundu hakuwamo, kwa kuwa hakuwa na alama. Katika jedwali langu alikuwamo, na seli yake ilikuwa wazi. Hivyo alama ya mwanafunzi wa 13 iliingia katika seli ya yule mgonjwa, ya 14 ikaingia kwa wa 13, na kuendelea hadi mwisho. Wanafunzi 29 walipewa alama zisizo zao, na wa 41 akaachwa mtupu. Jumla ilikuwa sahihi. Wastani wa darasa ulikuwa sahihi. Hakuna kanuni hata moja iliyoharibika, na kwa hakika kufuli langu lilikuwa limefanya kazi yake barabara. Kama mwalimu yule asingaliuliza habari za seli moja iliyobaki, na kama lingalikuwa jedwali la kweli badala ya la semina, kosa lingalionekana siku ya kugawa matokeo, na sina shaka kwamba lawama ingalimwangukia yeye.

Sasa tueleze kilichotokea ndani ya programu. Katika Excel ufungaji ni wa tabaka mbili. Kila seli, tangu jedwali linapozaliwa, hubeba alama isemayo kwamba imefungwa. Lakini alama hiyo hailegezi wala haikazi kitu mpaka mwenye jedwali atoe amri ya kuulinda ukurasa mzima. Ndiyo maana mtengenezaji kwanza huziondolea alama hiyo seli za kujazia, halafu ndipo hutoa amri. Anapoitoa, programu humwonyesha orodha ndefu ya ruhusa. Ruhusa mbili za kwanza katika orodha ndizo zinazotuhusu: ya kwanza huruhusu kielekezi kuingia katika seli zilizofungwa, ya pili huruhusu kiingie katika seli zilizo wazi. Zote mbili huwa zimekwisha kutiwa tiki. Mtu akiiondoa tiki ya kwanza, kama nilivyofanya mimi, mwenye macho hapotezi kitu, maana majina bado anayaona. Asiyeona hupoteza majina, vichwa vya safu, maelezo ya juu, jumla na wastani, kwa mpigo mmoja.

Tiki hiyo haizuii mtu kuandika juu ya majina. Kazi hiyo hufanywa na ulinzi wenyewe, tiki iwepo au isiwepo. Huzuia kufika tu. Wala haiongezi kasi ya kujaza, kwa kuwa katika ukurasa uliolindwa kitufe cha Tab humpeleka mtu kutoka seli iliyo wazi hadi nyingine iliyo wazi, huku vitufe vya mishale vikibaki huru kwenda popote. Kwa maneno mengine, nilimfungia mwenzangu nje bila kupata faida yoyote.

Je, asiyeona akiletewa jedwali la namna hiyo afanyeje? Kisoma skrini kiitwacho NVDA kimetoa jibu zuri. Programu hii ilianzishwa mwaka 2006 huko Australia na kijana asiyeona, Michael Curran, kisha akaungana naye James Teh, naye pia asiyeona, nayo hutolewa bure hadi leo, jambo ambalo kwa shule zetu si dogo. Mtumiaji akiwa ndani ya ukurasa uliolindwa hubonyeza pamoja kitufe cha Insert na kile kirefu cha nafasi, na kwa kufanya hivyo huingia katika hali ya kuvinjari. Katika hali hiyo vitufe vya mishale havikisogezi tena kielekezi cha Excel. Husogeza kielekezi cha NVDA chenyewe, ambacho hupita katika seli zote, zilizofungwa na zilizo wazi. Akitaka kuandika hubonyeza tena vitufe vile vile viwili na kurudi katika hali ya kawaida. Yafaa ieleweke kwamba hapa hakuna kufuli lililovunjwa. Seli iliyofungwa inasomwa, haibadilishwi, sawasawa na afanyavyo mwenye macho anapoitazama.

Hata hivyo si haki kumwachia msomaji mzigo ambao mtengenezaji angeweza kuuondoa kwa dakika moja. Kwanza, aiache tiki. Pili, kabla ya kutoa amri ya ulinzi, akitambulishe kisoma skrini vichwa vya jedwali. Katika NVDA kielekezi huwekwa katika seli ya kwanza ya mstari wenye vichwa vya safu, kisha hubonyezwa Insert, Shift na C kwa pamoja. Kwa majina yaliyo pembeni hutumiwa Insert, Shift na R. Taarifa hiyo huhifadhiwa ndani ya faili lenyewe kwa mtindo ambao JAWS nayo huuelewa, hivyo kila asiyeona atakayelifungua baadaye atakuta vichwa vimekwisha kuwekwa. Kuanzia hapo, mtu akishuka kutoka C5 hadi C6 husikia jina la mwanafunzi kabla ya kusikia neno tupu. Mwalimu wangu wa historia angalimkuta yule mgonjwa palepale katika mstari wa 16.

Nieleze kidogo habari za sauti. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu ng'ambo, katika maabara yetu alikuwamo mwenzetu asiyeona aliyezoea kukisikiliza kisoma skrini kwa kasi kubwa mno. Sisi wengine hatukuambulia hata silabi, tulisikia kama mahindi yanapokaangwa. Kasi hiyo huja kwa mazoezi. Programu ya kutamka iitwayo eSpeak, inayotumiwa na NVDA, ina sauti ya Kiswahili, na lugha yetu huipunguzia kazi kwa vile herufi zetu hutamkwa karibu jinsi zinavyoandikwa. Shida hutokea pale jedwali linapochanganya lugha mbili: vichwa vya safu vilivyoandikwa kwa Kiingereza husomwa kwa matamshi ya Kiswahili na kuwa vichekesho. Tuyarudie majedwali.

Hati za Word nazo zina kufuli la jinsi hiyo hiyo. Mtengenezaji wa fomu huweza kuilinda hati ili mtu ajaze visanduku tu. Kielekezi basi huruka kutoka kisanduku hadi kisanduku, na maneno yaliyo katikati, ambayo ndiyo maswali yenyewe, hayafikiki. Asiyeona husikia "kisanduku cha kuandikia, tupu" mara kumi na mbili mfululizo. Dawa zipo mbili. Kila kisanduku cha fomu huweza kuambatishiwa maelezo ya msaada, na maelezo hayo yakiandikwa swali lenyewe, kisoma skrini huweza kulipata hapo. Au hati igawanywe katika sehemu, na ulinzi uwekwe katika sehemu zenye visanduku peke yake, ili maelezo marefu yabaki katika sehemu isiyofungwa. Binafsi naona kwamba fomu nyingi hazikuhitaji kufungwa hata kidogo.

Yapo pia mazingira ambamo hati haikufungwa na mwenyewe, bali na kompyuta ya mpokeaji. Tangu Office ya mwaka 2010, faili lililotoka katika intaneti au katika barua pepe hufunguliwa kwanza katika hali ya tahadhari: laweza kusomwa, lakini limetengwa na sehemu nyingine za kompyuta ili kama lina virusi lisidhuru. Utengaji huo huweza kuuziba ule mlango wa maswali tulioueleza, na kisoma skrini kikabaki kigugumizi au kikanyamaza kabisa. Mtu asiyejua sababu hudhani kompyuta imekwama. Ikiwa faili limetoka kwa mtu anayeaminika, huruhusu uhariri na mambo hurudi kuwa ya kawaida. Kama mtumaji hajulikani, tahadhari ibaki pale pale.

Mfano ulio bayana kupita yote umo katika faili za aina ya PDF. Faili la PDF likifungwa, ruhusa zake huandikwa katika namba moja ya biti 32, kila biti ikiwa ni ndiyo au hapana ya jambo fulani: kuchapisha, kubadilisha, kunakili. Hapo mwanzo biti ya 5 ilisimamia kunakili maneno pamoja na kuyatoa kwa ajili ya wasioona. Mwandishi aliyekataza kunakili, kwa kuhofia wezi wa maandishi, alimnyima asiyeona kusoma, pengine bila kujua. Mwaka 2001, pamoja na Acrobat ya tano, mambo hayo yalitenganishwa: biti ya 10 ilitengwa kwa visoma skrini peke yake. Hilo lilikuwa jema, ila liliwapa watu swali jipya la kujibu vibaya. Hatimaye kanuni za kimataifa za PDF toleo la 2.0, zilizotolewa mwaka 2017, zilikata shauri: programu inayosoma haitaijali tena biti ya 10, na inayoandika itaiweka kuwa ndiyo siku zote. Ilichukua miaka kumi na sita kukubaliana kwamba kusoma kwa sikio ni kusoma, si kunakili.

Katika ofisi kubwa kuna ulinzi mwingine unaoambatisha haki za kila mtu katika hati: huyu asome, yule abadilishe, mwingine asichapishe. Miongoni mwa haki hizo imo moja inayohusu programu nyingine kuyafikia yaliyomo. Mwenye hati akiinyima haki hiyo akidhani anawazuia wezi, huweza kukizuia kisoma skrini pia, kwa kuwa kisoma skrini nacho ni programu nyingine.

Msomaji makini ataona hapa ajabu moja. Kufuli lililo imara kuliko yote, yaani kulisimba faili zima kwa neno la siri, halimsumbui asiyeona hata kidogo. Excel na Word za leo hutumia kwa kazi hiyo usimbaji uitwao AES, wenye ufunguo wa biti 128 au 256 kulingana na toleo, na asiyejua neno la siri hukuta takataka tupu. Lakini anayelijua akiliandika, faili hufunguka lote, na kisoma skrini hulisoma kama faili jingine lolote. Kinyume chake, ulinzi wa ukurasa wa Excel, uliomsumbua mwalimu wa historia, si ulinzi wa siri. Yaliyomo hayakusimbwa. Microsoft wenyewe husema wazi kwamba haukukusudiwa kuwa kinga dhidi ya mtu mwenye nia mbaya. Umewekwa kuzuia makosa ya mkono. Basi tunalo kufuli lisilomzuia mwizi, ambalo humzuia mwalimu.

Sheria za kimataifa zimeanza kuligusa suala hili kwa upande wa vitabu. Mkataba wa Marrakesh uliopitishwa tarehe 27 Juni 2013 na kuanza kutumika mwaka 2016, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2020, unazitaka nchi wanachama zihakikishe kwamba sheria zinazolinda makufuli ya kielektroniki hazigeuki kuwa kizuizi kwa wasioona. Mkataba huo unahusu kazi zilizochapishwa. Jedwali la alama la shule halimo, na hapo hakuna wa kutegemewa ila mtengenezaji wake.

Jaribio lifuatalo laweza kufanywa darasani kwa kompyuta moja yenye Windows na Excel. Andika vichwa vya safu katika mstari wa 4, na majina ya wanafunzi 10 kwa alfabeti kuanzia A5. Seli C5 hadi C14 ziwe za alama. Zichague seli hizo za alama, bonyeza Ctrl na 1, nenda katika ukurasa wa mwisho wa kisanduku kinachofunguka, uiondoe tiki ya kufungwa. Kisha bonyeza Alt, R, P, S kwa zamu. Orodha ya ruhusa itatokea. Ondoa tiki ya kwanza, kubali. Kitufe cha Windows, Ctrl na Enter kwa pamoja huwasha kisoma skrini kilichomo ndani ya Windows. Zimeni skrini. Mwanafunzi mmoja akae mbele ya kibodi, naye mwenzake amsomee alama tisa tu bila majina, ya mwanafunzi wa 4 ikiwa imeachwa pasipo yeye kuambiwa. Akimaliza, washeni skrini mhesabu alama zilizokaa mahali pasipo pake. Rudieni jaribio tiki ikiwa imerudishwa, safari hii msomaji akitaja jina na alama, na mjazaji akiruhusiwa kutumia mishale. Andikeni muda uliotumika katika kila jaribio na idadi ya makosa. Wenye programu ya Calc badala ya Excel watazikuta ruhusa mbili hizo hizo katika kisanduku chake cha kulinda ukurasa.

Maswali. Mwanafunzi aliyekosa mtihani akiwa wa k katika jedwali la wanafunzi n, ni wangapi watapewa alama zisizo zao, na ni wangapi wataachwa watupu? Je, jumla ya alama itabadilika? Na iwapo wanafunzi wawili, wa k na wa m, hawakufanya mtihani, mwalimu asiyeona atabakiwa na seli ngapi mwishoni, naye anaweza kujua kutokana na seli hizo peke yake kosa limeanzia wapi?